Kufundisha Ulinganisho wa Idadi: Abiria wa Mwalo wa Katonga na Abiria wa Treni za Chini ya Ardhi

UTANGULIZI

Mtoto huanza kulinganisha vitu kabla hajaletwa shuleni. Hujua ni nani mrefu kati ya ndugu zake, ni chungu kipi kikubwa, na ni ndoo ipi ya dagaa iliyojaa kuliko nyingine. Hivyo basi, mwalimu anapoingia darasani kufundisha ulinganisho, hafundishi jambo geni. Jambo geni, na ndilo linalomhitaji mwalimu, ni kulinganisha kwa haki. Mtoto akisikia kwamba mji fulani una abiria wengi kuliko mwingine, hutoa hukumu papo hapo: mji ule una usafiri bora. Haulizi abiria hao wamehesabiwaje, wamepita katika njia ya urefu gani, wala chombo chao kiliruhusiwa kubeba watu wangapi.

Madhumuni ya makala haya ni kumwonyesha mwalimu mwanafunzi namna ya kuyafundisha maswali hayo katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Mada tuliyoichagua ni matumizi ya usafiri wa abiria. Tutaanzia Katonga, kijiji cha wavuvi kilichoko kando ya Ziwa Tanganyika karibu na mji wa Kigoma, kisha tutakwenda hadi kwenye miji mikubwa yenye treni za chini ya ardhi. Tunafuata kanuni ambayo kila mwalimu huifahamu, yaani kutoka katika yanayojulikana kwenda katika yasiyojulikana. Lakini tutaongeza hatua moja ambayo aghalabu husahauliwa: kurudi nyumbani. Somo ambalo humpeleka mtoto mbali na kumwacha huko halijakamilika.

Mwalimu aweza kuuliza: je, mtoto wa Katonga ana haja gani na treni za chini ya ardhi? Jibu letu ni kwamba treni hizo zinafaa kwa somo hili kwa sababu abiria wake huhesabiwa kwa mashine, mwaka baada ya mwaka, na takwimu zake hutangazwa. Mwalimu hupata namba za kweli za kufanyia kazi. Aidha, namba hizo ni kubwa mno hata humshawishi mtu kuzisifu kabla ya kuzichunguza, na kishawishi hicho ndicho tunachotaka kumfundisha mtoto kukishinda.

MAELEZO YA MADA KWA MWALIMU

Treni ya chini ya ardhi, ambayo katika miji mingi huitwa metro, ni treni ya mjini inayotumia umeme, yenye njia yake yenyewe isiyokatizwa na magari wala waenda kwa miguu. Hupita mara kwa mara, kila baada ya dakika chache, na husimama katika stesheni zilizo karibu karibu. Jina lake lisimpotoshe mwalimu. Katika mji wa London, ambako treni ya kwanza ya namna hii ilianza tarehe 10 Januari 1863 ikivutwa na injini za moshi, zaidi ya nusu ya njia iko juu ya ardhi. Kinachoitofautisha treni hii na nyingine ni njia kuwa ya peke yake na treni kupita mfululizo.

Baada ya London, mji wa Paris ulifungua treni yake mwaka 1900, New York mwaka 1904, Tokyo mwaka 1927 na Moscow mwaka 1935. Barani Afrika, Cairo ulikuwa mji wa kwanza, mwaka 1987. Algiers ulifuata mwaka 2011. Mwaka 2015 Addis Ababa ulianzisha treni nyepesi za umeme, ambazo hupita juu ya ardhi kwa sehemu kubwa.

Dar es Salaam haina treni ya chini ya ardhi. Ina mabasi yaendayo haraka, ambayo wananchi huyaita mwendokasi, yaliyoanza kazi mwezi Mei 2016 katika njia zenye urefu wa kilometa 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco. Mabasi hayo yamepewa barabara zao wenyewe, na kwa hiyo wazo lake ni lile lile la metro. Mwaka 2024 treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na baadaye Dodoma. Lakini hizo ni treni za safari ndefu, wala hazihesabiwi pamoja na treni za mjini.

Maelezo haya ni ya mwalimu. Si lazima yote yaandikwe ubaoni. Mwalimu asiyejua zaidi ya anachofundisha huogopa maswali ya watoto, na mwalimu anayeogopa maswali hulifanya darasa liwe kimya.

HATUA YA KWANZA: KUHESABU NYUMBANI

Kipindi cha kwanza kifanyike mwaloni, au mahali popote ambapo watu hupanda na kushuka vyombo: kituo cha daladala, kivuko au stesheni. Kwa shule iliyo karibu na Katonga, mwalo wafaa sana. Mwalimu apate kwanza idhini ya mwalimu mkuu na ya uongozi wa kijiji, naye awapange wanafunzi mbali na ukingo wa maji, chini ya mti au kwenye kibaraza, mahali wanapoona bila kuwazuia wachukuzi na wavuvi.

Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya watu wanne. Kila kikundi kiwe na daftari moja na kazi moja: hiki kihesabu wanaopanda, hiki wanaoshuka, na kile kihesabu vyombo. Wafundishwe kuandika kwa vijistari: vinne vikiwa wima, na cha tano kikivikata, ili baadaye iwe rahisi kuhesabu kwa matano. Saa moja inatosha.

Mara tu kazi inapoanza, maswali yatazuka yenyewe. Je, mtoto mgongoni mwa mama yake ni abiria? Je, nahodha na wasaidizi wake wahesabiwe? Mtu aliyeshuka kununua samaki kisha akapanda tena, je, ni mmoja au wawili? Mchukuzi aliyepakia magunia na kushuka, naye je? Mwalimu asiharakishe kutoa majibu. Vikundi vikirudi na namba tofauti za boti ile ile, hapo ndipo somo lilipo. Darasa likubaliane juu ya maana ya neno "abiria", liiandike ubaoni, na kuanzia hapo kila kikundi kiifuate. Kwa njia hii watoto wanatambua, kwa mikono yao wenyewe, kwamba hesabu huanza na makubaliano juu ya kinachohesabiwa. Ukweli huu tutauhitaji tutakapofika Tokyo.

HATUA YA PILI: NAMBA ZA MIJI MITATU

Kipindi cha pili ni cha darasani. Mwalimu aandike ubaoni namba zifuatazo, ambazo ni za takribani mwaka 2019, zikiwa zimekadiriwa ili zifae kwa hesabu za watoto:

New York: safari za abiria milioni 1,700 kwa mwaka, njia kilometa 400, stesheni 470.
Paris: safari za abiria milioni 1,500 kwa mwaka, njia kilometa 220, stesheni 300.
London: safari za abiria milioni 1,400 kwa mwaka, njia kilometa 400, stesheni 270.

Kwanza, mwalimu awaulize wanafunzi: mji upi unatumia treni zake zaidi? Karibu wote watasema New York. Asiwakosoe. Ayaandike majibu yao pembeni mwa ubao na kuyaacha hapo mpaka mwisho wa kipindi.

Pili, awaulize: njia za miji hii zina urefu sawa? Watoto wataona kwamba njia za Paris zinazidi kidogo tu nusu ya zile za New York. Basi wagawanye safari kwa kilometa. New York itapata milioni 4.25 kwa kila kilometa, London milioni 3.5, na Paris karibu milioni 6.8. Mji uliokuwa wa pili umekuwa wa kwanza. Kila kilometa ya Paris inabeba abiria wengi kuliko kilometa ya mji wowote kati ya hii mitatu.

Tatu, wagawanye kwa stesheni. London itapata milioni 5.2 kwa kila stesheni, Paris milioni 5, na New York milioni 3.6. Mji uliokuwa wa kwanza sasa ni wa mwisho. Tofauti ya London na Paris ni ndogo, na kwa kuwa namba zetu ni za makadirio, yafaa darasa liseme kwamba miji hiyo miwili iko sawa. Mwalimu asisitize jambo hili: namba zilizokadiriwa haziwezi kutoa mshindi kwa tofauti ndogo kama hiyo.

Nne, wagawanye kwa idadi ya wakazi. London ilikuwa na watu wapatao milioni 9, na New York milioni 8.8. Hivyo kila mkazi wa London, kwa wastani, anapata safari 156 kwa mwaka, na wa New York 193. Paris yenyewe ina wakazi milioni 2.1 tu, na mgawanyo unatupa safari zaidi ya 700 kwa kila mtu. Hapa mwanafunzi mwerevu atashangaa: je, watu wa Paris hawatulii nyumbani? Siri yake ni kwamba mipaka ya mji wa Paris ni midogo, na watu wengi hulala nje ya mipaka hiyo lakini hufanya kazi ndani yake. Tukichukua mkoa mzima, wenye watu milioni 12 hivi, mgawanyo unatoa safari 125 kwa kila mtu, nayo Paris inashuka hadi nafasi ya tatu. Treni ni zile zile na safari ni zile zile. Kilichobadilika ni mstari uliochorwa kwenye ramani.

Mfano wa nyumbani utasaidia. Tukihesabu wanaopanda boti mwaloni Katonga, kisha tukagawanya kwa wakazi wa Katonga peke yao, tutadhani kila mkazi anasafiri mno. Kumbe miongoni mwa waliohesabiwa wamo watu wa Ujiji, wa Mwanga na wa Kibirizi. Mtoto aliyewaona watu hao kwa macho yake ataielewa Paris bila shida.

HATUA YA TATU: KUULIZA NAMBA IMEPATIKANAJE

Hapa tunarudi kwenye swali lililozuka mwaloni, yaani abiria ni nani. Katika New York, mashine humhesabu mtu anapoingia stesheni. Akibadilisha treni ndani bila kutoka, hahesabiwi tena. Tokyo ina makampuni mawili ya treni za chini ya ardhi, moja lenye njia tisa na jingine lenye njia nne. Abiria anayetoka katika treni za kampuni moja na kupanda za nyingine huingia katika hesabu ya makampuni yote mawili. Basi anayejumlisha hesabu za makampuni hayo na kuzilinganisha na za New York, analinganisha vitu viwili visivyo sawa. Wanafunzi watakumbuka yule mtu aliyeshuka kununua samaki, akapanda tena.

Pia mwaka wa hesabu utajwe daima. Mwaka 2019 treni za New York zilikuwa na safari karibu milioni 1,700. Mwaka 2020 zilishuka hadi milioni 640 hivi. Mwalimu aulize darasa: je, treni ziliharibika? La hasha. Ni mwaka wa janga la UVIKO-19, na watu waliambiwa wabaki nyumbani. Anayelinganisha New York ya 2020 na mji mwingine wa 2019 anaupima ugonjwa akidhani anapima usafiri.

Kuna jambo jingine ambalo idadi ya abiria hulificha, nalo ni urefu wa safari. Mtu anayepanda metro kwa vituo vichache huandikwa safari moja. Mtu anayepanda treni Kigoma na kushuka Dar es Salaam, kupitia ile Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, naye huandikwa safari moja, ingawa amekwenda kilometa 1,250 hivi. Tuchukulie kwamba safari ya metro ni ya kilometa 5. Mwanafunzi agawanye: 1,250 kwa 5 ni 250. Msafiri mmoja wa Kigoma amebebwa umbali sawa na wasafiri 250 wa mjini. Treni yenye abiria 600 ikiwafikisha wote Dar es Salaam, imefanya kazi sawa na safari 150,000 za metro. Wataalamu wa usafiri huzidisha idadi ya abiria kwa umbali waliokwenda, na zao lake huliita kilometa za abiria.

Vivyo hivyo kwa meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa na Waingereza na kurudi kazini mwaka 1927. Meli hiyo ilipangiwa kubeba abiria 600. Katika huduma yake ya miaka mingi kati ya Kigoma na Mpulungu nchini Zambia, idadi yake ya abiria isingeonekana kitu mbele ya namba za London. Lakini kwa vijiji vya mwambao visivyo na barabara, Liemba ilikuwa barabara, soko na posta. Namba ndogo yaweza kubeba haja kubwa. Mtoto asitoke katika somo hili akidhani kwao si mahali kwa sababu namba za kwao ni ndogo.

HATUA YA NNE: KULINGANISHA ABIRIA NA UWEZO WA CHOMBO

Kipindi cha tatu ndicho kinachobeba uzito wa somo zima. Mwalimu aandike ubaoni mfano huu wa kubuni:

Boti ya kwanza iliruhusiwa kubeba watu 60. Ilibeba watu 45 katika kila safari, safari mbili kwa siku.
Boti ya pili iliruhusiwa kubeba watu 15. Ilibeba watu 18 katika kila safari, safari sita kwa siku.

Swali la kwanza: boti ipi ilibeba abiria wengi zaidi kwa siku? Ya kwanza ilibeba 90, ya pili 108. Boti ya pili imeshinda. Swali la pili: kila boti ilijaa kwa asilimia ngapi? Ya kwanza, 45 kati ya 60, ni asilimia 75. Ya pili, 18 kati ya 15, ni asilimia 120. Swali la tatu: ungependa mdogo wako apande ipi?

Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

Mwalimu: Boti ipi ilibeba watu wengi?
Mwanafunzi: Ya pili, Mwalimu.
Mwalimu: Basi ndiyo bora?
Mwanafunzi: Hapana. Imezidisha watu watatu.
Mwalimu: Watatu ni wachache. Wana ubaya gani?
Mwanafunzi: Upepo ukija, hatari ni kwa wote kumi na wanane.

Jibu la namna hiyo likitoka kinywani mwa mtoto, mwalimu hana haja ya kuongeza maelezo.

Hapo yafaa darasa lilinganishe treni na boti. Huko Tokyo, kabla ya mwaka 2020, sehemu moja ya njia iitwayo Tozai ilijaa wakati wa asubuhi hadi kufikia karibu asilimia 200 ya uwezo uliopangwa. Watu walibanana kifua kwa mgongo, na katika mji huo wafanyakazi wa stesheni wamejulikana kwa kuwasukuma abiria ndani ili milango ifungwe. Ni adha kubwa. Lakini treni imesimama juu ya reli, nayo haizami. Asilimia zile zile zikiwa ziwani huwa na maana nyingine kabisa. Hivyo mwanafunzi anajifunza kwamba hata asilimia, ambayo tumeisifu kuwa ni kipimo cha haki, haitoshi bila kujua ni asilimia ya nini na ni mahali gani.

Nchi yetu imelipia fundisho hili kwa gharama kubwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, na mamia ya watu walipoteza maisha. Kwa kuwa haikuwapo orodha kamili ya abiria wote, hesabu ya waliokuwamo imebaki kuwa ya makadirio. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kilipokaribia kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Mwalimu aziandike namba hizo mbili ubaoni, moja juu ya nyingine, na awaachie wanafunzi muda wa kuzitazama. Kutoa 101 katika 228 ni hesabu ya darasa la chini. Lakini kuielewa tofauti ile ni elimu ya maisha.

Hatua hii yataka busara. Katika darasa la Katonga, mwenye boti aweza kuwa baba wa mmoja wa wanafunzi, na nahodha aweza kuwa kaka yake. Aidha, kuna watoto waliofiwa ziwani. Kwa hiyo mwalimu atumie boti za kubuni, kama tulivyofanya, wala asilete darasani namba za boti inayotambulika. Nia yetu si kumfanya mtoto awe askari wa mwaloni, wala kumwaibisha mzazi mbele ya wenzake. Nia ni kumpa mtoto uwezo wa kuhesabu kabla ya kupanda, na wa kumwambia mama yake kwa adabu, "Mama, tungoje boti nyingine."

MAKOSA YA KUEPUKA

Katika kufundisha mada hii, mwalimu mwanafunzi ajihadhari na mambo yafuatayo:

(a) Kutaja namba bila mwaka. Namba isiyo na mwaka ni kama barua isiyo na tarehe.

(b) Kuzigeuza nchi za mbali kuwa za ajabu. Picha ya treni yafaa kama zana, lakini watoto wakiishia kustaajabu, hawakujifunza kulinganisha.

(c) Kutoa kanuni kabla ya tatizo. Mwalimu akianza kwa kusema "gawanya kwa kilometa", watoto watagawanya bila kujua sababu. Waache kwanza waone kwamba njia hazilingani.

(d) Kutafuta mshindi mmoja. Darasa lizoee kusema: "kwa wingi wa safari, New York, kwa kila kilometa, Paris, kwa kila stesheni, London na Paris ziko sawa." Jibu lenye "kwa" ndani yake ni jibu la mtu aliyefikiri.

MASWALI YA KUPIMA UELEWA

1. Kijiji kimoja kilihesabu abiria 240 kwa siku katika boti 8. Kingine 210 katika boti 5. Ni kijiji gani ambacho kila boti yake, kwa wastani, ilibeba abiria wengi zaidi?

2. Mwendokasi ya Dar es Salaam ilianza na njia za kilometa 21. Njia za metro ya Paris zilikuwa kilometa 220. Eleza kwa nini si haki kulinganisha jumla ya abiria wao, na utaje njia moja iliyo ya haki zaidi.

3. Abiria mmoja alisafiri kilometa 500 kwa meli. Wengine 80 walisafiri kilometa 5 kila mmoja kwa daladala. Ni upande upi una kilometa nyingi za abiria?

4. Boti iliyoruhusiwa kubeba watu 25 ina watu 22 ndani, na watu 6 wanangoja ufukweni. Wote ni wa ukoo mmoja, nao hawataki kutengana. Mshauri nahodha, ukitoa sababu.

Swali la nne halipimi kugawanya wala kutoa peke yake, nasi tumeliweka kwa makusudi. Mwalimu asahihishe sababu, si jibu tu.

HITIMISHO

Tumeona kwamba namba moja ya abiria yaweza kuupandisha mji au kuushusha kwa kutegemea inagawanywa kwa nini, imehesabiwaje na ni ya mwaka gani. Tumeona pia kwamba swali lililo zito kuliko yote ni lile la chombo na uwezo wake, na kwamba swali hilo linamhusu mtoto wa pwani ya ziwa kuliko mtoto wa mji wenye metro.

Mwalimu mwanafunzi atakayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha akumbuke kwamba hahitaji zana za gharama kwa somo hili. Anahitaji daftari, ubao, saa moja kando ya kituo au mwalo, na uvumilivu wa kuwasubiri watoto wagundue kwamba namba zao hazifanani. Wengi wa watoto hao hawatapanda treni ya chini ya ardhi maishani mwao. Lakini karibu wote watapanda boti, daladala au basi, mara nyingi, na mara nyingine wakiwa na watoto wao mkononi. Siku hiyo mwalimu hatakuwapo kuwaongoza, nao watalazimika kuhesabu wenyewe.